Maswali manne ya kutenganisha unapotaka kuelewa masuala ya jinsia

Mzazi, mwalimu au mhudumu wa afya anayetaka kulielewa suala hili aanze kwa kutenganisha mambo manne ambayo mitaani hapa Mwanza, iwe Kirumba au Igoma, huchanganywa yakawa jambo moja: mwili ambao mtu amezaliwa nao, anavyojitambua nafsini mwake, anavyoonekana mbele ya watu, na anayevutiwa naye kimapenzi. Jibu la swali moja halikupi jibu la jingine.

Mwili uangaliwe kwanza, kwa kuwa hapo kuchelewa kunaweza kuua. Wapo watoto wanaozaliwa na viungo vya uzazi ambavyo mkunga hawezi kusema papo hapo kuwa ni vya kike au vya kiume, na mara nyingi familia huona aibu ikamficha mtoto ndani. Chanzo kimojawapo ni hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo, ambayo huweza kumfanya mtoto mwenye kromosomu XX (ambazo kwa kawaida ni za wanawake) azaliwe na viungo vinavyofanana na vya kiume. Hitilafu hiyo ikiwa kali, mtoto hupoteza chumvi nyingi, hutapika, hulegea, na asipotibiwa anaweza kufariki katika wiki za mwanzo. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na familia iulizie rufaa ya kwenda hospitali kubwa kama Bugando. Wengine hawatambuliki hadi wabalehe: msichana aliyeota matiti lakini haoni hedhi anaweza kukutwa na kromosomu XY (ambazo kwa kawaida ni za wanaume), kwa sababu mwili wake hauitikii homoni za kiume. Huyo hajarogwa, wala hajamdanganya mtu.

Swali la pili ni la nafsi. Walio wengi hawajawahi hata kujiuliza kama wao ni wanaume au wanawake, kwa kuwa wanavyojijua kunalingana na mwili wao; kwa wachache hakulingani. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, liliitoa hali hiyo katika sura ya maradhi ya akili na kuihamishia katika sura ya afya ya kujamiiana.

Mwonekano ndio unaowapotosha watu zaidi, ingawa ndio dhaifu kuliko yote kwa ushahidi. Morani wa Kimasai husuka nywele ndefu na kuvaa shanga shingoni na mikononi, na hakuna anayeutilia shaka uanaume wake. Kijana wa mjini akisuka vivyo hivyo, baadhi ya majirani humaliza kesi yake kabla hajafika nyumbani. Mavazi, sauti na mwendo hufuata desturi ya mahali, na havikuambii mtu anampenda nani.

Kuhusu mvuto wa kimapenzi, Shirika la Afya Duniani liliacha kuuhesabu mvuto kwa watu wa jinsi moja kuwa ugonjwa tangu mwaka 1990, kwa hiyo anayetangaza dawa ya kuuponya anauza kitu kisichokuwepo. Usiuchanganye mvuto huo na mila. Wakurya wa mkoa jirani wa Mara wana ndoa ya nyumba ntobhu, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake ili ampatie warithi kwa kuzaa na mwanamume. Hiyo ni ndoa ya ukoo na mali, wala haihusu mapenzi baina yao.

Sheria nayo isomwe kwa makini hiyo hiyo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaadhibu tendo la kuingiliana kinyume cha maumbile, na adhabu yake hufika kifungo cha maisha, isipungue miaka 30. Kwa uzito huo, fununu kuhusu mwanafunzi au mgonjwa si habari ya kupeleka kijiweni wala kwenye kundi la simu, na anayekuamini akakueleza siri yake hajakupa ruhusa ya kumwambia mke wako, mchungaji au shehe.

Unapokutana na mtu usiyejua umwite kaka au dada, tumia jina alilojitambulisha nalo. Kuhusu mwili wake, mhudumu aulize kinachohitajika kwa tiba tu: aliyekuja na homa apimwe malaria, na mengine yasiandikwe kwenye faili lake.