Kubadilisha taima ya volti 12 kwenye mota ya kugeuzia mayai

Mfugaji mwenzangu, trei ikigoma kugeuka mayai yakiwa ndani ya mashine ya kutotolea, anza na mkono. Geuza mara 3 au 5 kwa siku, hesabu iwe witiri, ili upande unaolaliwa usiku ubadilike kila siku. Yai lisilogeuzwa, kijusi chake hugandamana na utando wa ganda na kufa. Kama ni ya kuku na yamefika siku ya 18, yaache. Kugeuza kumekwisha, na taima, kile kifaa kinachowasha na kuzima mota kwa muda uliopangwa, itasubiri vifaranga watoke.

Usikimbilie dukani kabla ya kupima. Naziona taima nzima zikitupwa kila mara kwa sababu ya waya iliyolegea. Weka mita kwenye volti za DC, gusa panapoingilia umeme wa taima: pasome 12 au zaidi kidogo. Hapana kitu? Fuata fyuzi na betri. Umeme upo, rilei (swichi ya ndani ya taima inayoendeshwa na umeme) inalia "tik", lakini kwenye waya za mota hakuna volti: taima imekufa. Volti zinafika na mota haizunguki: tatizo ni mota, au trei imekwama. Na mota isiyosimama kabisa ina maana rilei imeungua ndani ikashikana.

Kabla ya kufungua, chomoa betri, na uchomoe pia plagi ya ukutani. Humo humo ndani hita inatumia volti 230, na hizo huua. Piga picha ya waya kwa simu.

Ukinunua mpya, chukua ya mzunguko, yenye muda wa kuwaka na muda wa kuzima unaojirudia, na inayovumilia volti 6 hadi 30. Betri inayochajiwa na sola hupanda kupita volti 14.

Kwenye kufunga, hapa ndipo wengi hukwama. Skrubu za taima zenye alama COM (ya kuingilia) na NO (ya kutokea, huungana na COM rilei ikiwaka) hazitoi umeme zenyewe. Ni swichi tu. Kwa hiyo chanya ya betri ipite kwenye fyuzi, iingie kwenye taima, na kipande kingine cha waya kutoka hapo hapo kiende COM. Kutoka NO nenda chanya ya mota. Hasi ya mota na hasi ya taima zirudi kwenye betri. NC, skrubu inayoungana na COM rilei ikiwa imezima, iache bila waya.

Kisha daiodi ya 1N4007, kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, tafadhali usiiruke. Mota ikizimwa hurudisha umeme wa ghafla unaopiga cheche ndani ya rilei, na cheche hizo ndizo zinazoila. Ifunge sambamba na waya za mota, upande wenye mstari mweupe ukae kwenye chanya na wa pili kwenye hasi. Hii ni kwa mota inayozunguka upande mmoja tu. Inayorudi nyuma kwa kubadilishiwa chanya na hasi, usiiwekee.

Muda wa kuwaka usiukisie. Shika saa, unganisha mota kwa betri moja kwa moja, uhesabu sekunde trei inazotumia kutoka mwinamo wa kushoto hadi wa kulia. Hizo ziweke kwenye taima ziwe muda wa kuwaka. Muda wa kuzima weka dakika 60.

Iache izunguke siku nzima bila mayai, ukichungulia kila saa. Ikianza kusimama katikati, ikiwa bapa, ongeza au punguza sekunde moja moja mpaka itulie ikiwa imeinama.