Semina ya hesabu mwaka wa kwanza: kumsaidia asiyeiva asidisko (asiondolewe chuo kwa kufeli)

Ninasimamia semina za hesabu za mwaka wa kwanza kwa wanafunzi wa biashara na uchumi, katika chuo kimoja hapa Tanzania. Wanaoingia hawafanani. Yupo wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu) aliyekesha na Advanced, hesabu za juu za kidato cha tano na sita, miaka miwili, yupo wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) aliyeivuka BAM, hesabu nyepesi za ngazi hiyo, kwa kunyata, na yupo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) ambaye mara ya mwisho kushika hesabu ilikuwa chumba cha mtihani kidato cha nne. Mwaka 2023 waliofaulu Hesabu kidato cha nne walikuwa takriban robo ya watahiniwa, kwa hiyo hata mwenye D yake alipambana kweli. Haya ni kwa wasimamizi wenzangu wapya.

Semina ya kwanza, kabla hujagawa desa (notisi) lolote, toa karatasi ya maswali matano, bila alama. Mimi huweka 3/4 − 2/5, kupanua (a + b)², kutafuta t kwenye v = u + at, kuchora y = 2x − 1, na hili hapa: 5 − 2(x − 3) = 1. Usiishie kwenye vema na mkasi, fuata njia aliyopita. Jibu ni 5. Aliyeandika −1 anaujua mlinganyo vizuri, ila ile alama ya kutoa haikugusa kila kilichomo kwenye mabano. Aliyeandika 10/3 ametoa 2 kwenye 5 kwanza, MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) imemtoka. Hao wawili mtu angewaita vilaza kwa pamoja, na dawa zao ni tofauti kabisa. Mwenye karatasi nyeupe andika jina lake pembeni, utamhitaji baadaye.

Sasa usianzishe darasa la kurudia sekondari yote. Nimeona likifanyika: wiki nne za sehemu na namba hasi, wenzao wako kwenye kalkulasi, na aliyekuwa nyuma anazidi kubaki nyuma huku kila mtu akijua kwa nini anaingia chumba kile. Rekebisha kitu wiki ile kinapotakiwa. Wiki ya derivativu (kipimo cha kasi ya badiliko kwenye kalkulasi) inakuja? Dakika ishirini za mwanzo ni za vipeo: 1/x² ni x⁻², kipeuo cha pili cha x ni x^(1/2). Wanafunzi wengi kanuni ya derivativu wanaikariri siku moja, halafu wanaandika derivativu ya 1/x² kuwa 1/2x na kusema kalkulasi ni ngumu. Kalkulasi haina kosa hapo.

Kwenye diskasheni ndipo penye kazi yenyewe. Miaka ya 1970 huko Berkeley, Marekani, Uri Treisman alichunguza kwa nini wanafunzi Weusi waliokuja na bidii walikuwa wakianguka kalkulasi. Aligundua kwamba wengi walisoma peke yao, wakati wenzao wenye asili ya China walikaa pamoja, wakakosoana. Warsha alizoanzisha zilikuwa na maswali magumu, si ya kuwarudisha darasa la chini. Nami hufanya hivyo: watu wanne, wamechanganywa kutokana na ile karatasi ya kwanza, na swali ambalo hata kipanga (mwenye akili darasani) halimalizi peke yake. Kalamu asishike kipanga. Yeye aseme, mwingine aandike, na asiyeelewa asimamishe. Ukiwaachia wajipange wenyewe, watajipanga kwa mabweni yao na mwenye karatasi nyeupe atabaki mlangoni akichezea simu.

Mwanafunzi akikosa semina mbili mfululizo, mtafute. Usimtume CR (kiongozi wa darasa) kumtangaza kwenye grupu la darasa. Andika mwenyewe: “Asha, habari za siku? Alhamisi tulianza derivativu, nafasi yako ipo kwenye kundi la tatu. Njoo saa nane hata kama hujafanya maswali.” Hayo ya mwisho ndiyo yanayomrudisha, maana wengi hukwepa kwa sababu hawajafanya. Atakujibu, “Shikamoo madam, nilipata changamoto.” Muulize kwa upole ni pesa, ugonjwa au ni somo. Boom (pesa ya kujikimu ya mkopo) likichelewa, mtu anaweza kuwa anashinda njaa, na hapo somo la vipeo halimsaidii. Mpeleke kwa Mshauri wa Wanafunzi.

Baada ya test one (jaribio la kwanza), kaa na aliyeanguka mpige hesabu ya alama. Aliyepata 4 kati ya 15 huamini yamekwisha. Kama chuo chenu kinagawa 40 za coursework (kazi na majaribio ya muhula) kwa 60 za UE (mtihani wa mwisho) na kufaulu ni 40, akimaliza coursework na 16 anahitaji 24 kati ya 60 kwenye UE. Mwache aandike hiyo namba kwa mkono wake. Soma pia prospectus (kitabu cha taratibu za chuo) yenu, vyuo vingine vina kiwango cha chini cha coursework kabla ya kukaa UE.

Na kama kweli hawezi kuendelea muhula huu, kwa ugonjwa au msiba, aombe kuahirisha masomo kwa maandishi, kabla ya mitihani, na nakala abaki nayo. Anayeondoka kimyakimya huhesabiwa ametoroka mtihani, na Bodi ya Mikopo nayo ina maswali yake. Mwenye kusapu (kurudia mtihani aliofeli) mpe tarehe siku ileile matokeo yanapotoka, kwa sababu wengi wanakuwa wameshafika kwao Kigoma au Lindi, na nauli ya kurudi inatafutwa mapema.