Kabla hujapanda kangaga-mti Kigoma

Kangaga-mti langu la kwanza, yaani kangaga lenye shina kama la mti, lilikufa mwezi wa Agosti, huku udongo wa chini yake umelowa. Nililimwagilia asubuhi na jioni bila kukosa, maji nikiyamimina ardhini kama ninavyomwagilia mpapai. Lilipokauka kabisa nikalikata shina kwa panga, na hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Lile ganda la kahawia lenye manyoya nililodhani ni gome, kumbe ni mizizi. Kiini cha shina ni chembamba. Unene wote unaouona kwa nje ni mizizi midogomidogo iliyosukana kutoka juu hadi ardhini. Mimi nilikuwa nainywesha ya chini tu, ile ya juu ikichomwa na jua kwa miezi mitatu.

Sisi wa Kigoma tunaponzwa na mchikichi. Tukiona mmea wenye shina moja lililosimama wima, na majani marefu yaliyojitandaza kileleni kama mwavuli, tunadhani ni ndugu yake na tunautunza hivyohivyo. Ni kweli wanafanana kwa jambo moja kubwa: kila mmoja una moyo mmoja tu, pale juu majani yanapochipukia, na moyo huo ukioza au ukikatwa, mmea umekwisha. Lakini mchikichi hunywa kwa mizizi ya ardhini na hustahimili jua la wazi. Kangaga-mti kwao ni kando ya vijito, ndani ya misitu ya milimani kama Usambara, Uluguru na miteremko ya Kilimanjaro, ambako ukungu hulilowesha shina siku nyingi za mwaka. Huku kwetu ukungu huo itabidi uulete wewe kwa ndoo.

Kwa hiyo hesabu ya maji ndiyo inayotangulia. Kuanzia katikati ya Mei mpaka mvua zirudi Oktoba ni kama siku 150, na Juni hadi Agosti huwezi kutegemea hata manyunyu. Shina la urefu wa nusu mita mimi hulipa lita 5 asubuhi na lita 5 jioni, nikiyamimina taratibu kuanzia chini kidogo ya kilele ili yateremke yakiloanisha shina lote. Hizo ni lita 1,500 kwa kiangazi kimoja, kwa mmea mmoja. Tangi la lita 1,000 halifiki. Habari njema ni kwamba milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1, hivyo paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 40 linakupa karibu lita 1,600, ukiacha zinazomwagika njiani. Funga mifereji na ununue matangi kabla ya mmea. Anayesema atanunua tangi baadaye, namwomba asubiri na mmea pia.

Maji ya mvua nayasisitiza kwa sababu ya pili, na hii watu wengi hawaifikirii. Bomba la mjini huvuta maji ya Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hili yana hali ya magadi: kipimo chake cha pH huwa kati ya 8.6 na 9.2, ilhali 7 ndiyo katikati. Kangaga hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Ukilimwagia maji ya ziwa miezi mitano mfululizo, udongo hubadilika polepole na majani huanza kupauka. Ya bomba yaweke akiba, siku tangi likikauka.

Kivuli nacho kinahitaji kutangulia. Panda migomba mwaka mmoja kabla, upande wa magharibi, kwa sababu jua la alasiri hutokea upande huo joto likiwa limeshapanda, na pia upepo wa mchana hutoka ziwani. Iache umbali wa mita 2 au zaidi, maana mgomba nao ni mnywaji. Ukuta wa nyumba unaofaa kukinga upepo usiwe ule unaopigwa na jua mchana kutwa, kwani usiku hutoa joto lote ulilolihifadhi mchana. Kama huna subira ya migomba, neti ya kivuli itafaa, ila ifunge juu sana, majani yakikua yasiigonge.

Sasa uchague mmea wenyewe. Mji wetu uko mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, na joto lake halifanani na la milimani. Wenzetu wa Kasulu na Buhigwe wana nafuu kubwa. Aina ya Australia iitwayo Dicksonia antarctica, ambayo husifiwa sana kwenye picha za bustani za Ulaya, hupenda baridi, nami singeileta hapa. Nyingine ya Australia, Cyathea cooperi, huvumilia joto zaidi, lakini kule Hawaii imetoroka bustanini na kuvamia misitu ya asili. Ukiishi karibu na vijito vinavyoshuka toka vilimani, usiipande.

Ukiletewa gogo lililokatwa bila mizizi, ukaambiwa litachipua, kataa. Dicksonia antarctica huweza kufanya hivyo. Cyathea kwa kawaida hufa. Na umuulize muuzaji alikoutoa mmea. Makangaga-miti ya jamii ya Cyathea yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Kung'oa mmea katika hifadhi kama Gombe au Mahale ni kosa, na katika misitu ya hifadhi unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Mmea uliochukua miaka mingi kufika kimo cha mtu usifie kwenye buti la gari. Langu la pili nililinunua kitaluni likiwa dogo, nikalisafirisha shina limeviringishwa gunia la katani lililolowa.

Udongo hautanisumbua sana kuueleza: mboji ya majani yaliyooza, iliyochanganywa na udongo wa juu na mchanga kidogo ili maji yasituame. Samadi mbichi itaunguza. Shimo liwe na kina cha mizizi tu. Ukizika shina zaidi ya lilivyokuwa, utaliozesha. Panda Novemba, mvua zikishakolea, ili lipate nusu mwaka wa kushika kabla ya kiangazi. Zungushia uzio, maana mbuzi hawaulizi.

Andaa pia kitambaa cha kufunga pua na mdomo, na miwani. Mashina ya majani yana manyoya na magamba membamba yanayowasha ngozi na macho, na aina yetu ya milimani, Cyathea manniana, ina miiba. Majani yaliyokauka usiyakate yote. Yakining'inia yanalifunika shina, nalo hubaki na unyevu.

Jani changa hutokea limejikunja kama konokono. Usilikunjue kwa mkono, wala usiruhusu watoto waliguse. Likivunjika mmea umepoteza nguvu ya miezi. Langu hutoa jipya mvua zinapoanza. Lakini mwezi wa Julai, shina likiwa na unyevu, jani lililojikunja hukaa palepale bila kunyauka, likisubiri. Kila asubuhi kabla ya kumwagilia huwa naligusa shina kwa kiganja, katikati na juu. Kiganja kikitoka kikavu, siku hiyo naongeza ndoo.