Somo: Chora mwenyewe jinsi seli ya kinga inavyowasha jeni ikivamiwa na TB

Wanakikundi, habari za kazi. Mlio kwenye mazoezi hapa Tabora mjini mmesema mada ya jeni na kifua kikuu inawapiga chenga. Dawa yake ni kuichora. Tafuta karatasi ya manila na kalamu mbili: bluu ya mwili, nyekundu ya bakteria. Majina yasikutishe, fuata mishale.

Hatua ya 1. Chora duara kubwa. Hiyo ni makrofeji, seli mlaji inayokaa kwenye viribahewa vya mapafu. Ndani yake weka kiini, na pembeni kifuko chenye bakteria. Bakteria wengi wakimezwa huyeyushwa. Huyu wa TB huzuia kifuko chake kisiungane na laisosomu (kifuko cha vimeng'enya vinavyoyeyusha), akaendelea kuishi humo humo.

Hatua ya 2. Kwenye utando weka kipokezi TLR2, kinachotambua lipoprotini za ganda la bakteria. Mshale wa bluu ushuke hadi NF-kapa-B. Protini hii ipo kwenye saitoplazimu muda wote, ila imeshikiliwa na I-kapa-B. Ishara ikifika, I-kapa-B inavunjwa, na NF-kapa-B inaingia kwenye kiini. Ni suala la dakika, si siku.

Hatua ya 3. Hapa wengi wenu mnachora DNA kama uzi ulionyooka. Futeni! DNA ya seli moja ikinyooshwa inafika kama mita 2, kwa hiyo imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Palipokazwa hapasomeki. Vimeng'enya vikibandika asetili (alama ndogo ya kikemikali) kwenye histoni, panalegea, NF-kapa-B inashika promota (kipande cha DNA mwanzoni mwa jeni), na RNA polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA) inaanza kunakili. Jeni za TNF, IL-1 na IL-12, yaani protini za kupashana habari kati ya seli za kinga, zinawaka. Seli ya ini ina jeni hizo hizo, ila kwake zilizofunguliwa ni nyingine. Ni kama reli itokayo Dar: ikigeuzwa hapa Tabora, treni ileile inaishia Mwanza badala ya Kigoma.

Hatua ya 4. IL-12 inazielekeza limfosaiti T za CD4 (seli nyeupe za damu) zitoe intaferoni gama, protini ya ishara inayorudi kwa makrofeji. Kinga hii huchukua wiki kadhaa kujijenga, ndiyo maana kipimo cha TB cha ngozi hakionyeshi maambukizi ya juzi. Ndani ya makrofeji, intaferoni gama inaamsha protini STAT1, STAT1 inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni ya CIITA, na protini ya CIITA inawasha jeni za MHC daraja la pili. Kwa protini hizo makrofeji huzionyesha seli T vipande vya bakteria.

Hatua ya 5. Sasa kalamu nyekundu, na hapa ndipo patamu. Utafiti wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba ndani ya makrofeji zilizoambukizwa STAT1 inaamshwa vizuri tu, lakini jeni zinazotakiwa kuitika haziitiki ipasavyo. Kwa hiyo zuio liko baada ya STAT1, si kabla yake. Baadaye lipoprotini ya bakteria yenye uzito wa kilodaltoni 19 ikaonekana kuhusika. Ikiisumbua TLR2 kwa muda mrefu, asetili hupungua kwenye histoni za promota ya CIITA. Kipokezi kilekile kilichoamsha kinga ndicho kinachotumika kuinyamazisha. Nikitunga mtihani siachi kuuliza hapo.

MASWALI

Urambo: Shikamoo mwalimu. Rifampisini, dawa ya TB, inazuia kutengeneza RNA. Mbona haiui na seli zetu?

Marahaba. Inashika RNA polimerasi ya bakteria, sehemu inayotokana na jeni rpoB. Ya kwetu ina umbo tofauti, haishikiki. Usugu mwingi hutokana na mabadiliko kwenye kipande kidogo cha rpoB, na ndicho mashine ya GeneXpert inakichunguza kwenye makohozi.

Nzega: Mwenye VVU anakwama hatua ipi?

Ya 4. CD4 zikipungua, intaferoni gama inapungua, na makrofeji inabaki na bakteria wake.

Sikonge: Bibi anasema asali ya nyuki wetu inaamsha kinga, dozi ikatwe mgonjwa akipata nafuu.

Msalimie bibi. Asali ale, ni tamu. Dozi ya TB ya kawaida ni miezi 6 na haikatwi. Nafuu huja mapema, wakati bakteria wengine bado wamo.

Igunga: BCG, chanjo ya TB, nayo inagusa histoni?

Inagusa. Watafiti waliona mwaka 2012 kwamba monosaiti (seli za damu zinazoweza kugeuka makrofeji) za waliochanjwa zinabaki na alama za methili kwenye histoni za jeni kama TNF, hivyo zinawaka haraka zaidi. Ila usiizidishie sifa: BCG humkinga vizuri mtoto na TB ya utando wa ubongo, kwa mtu mzima kinga ya mapafu haina uhakika huo.

Kaliua: Mshale mwekundu wa hatua ya 5 uishie kwenye STAT1 au CIITA?

Kwenye histoni za promota ya CIITA. Ukiugusisha STAT1 nakukata alama.