SOMO: Kuwinda santuri safarini, kuanzia Kenyatta Market Nairobi hadi Portobello Road London

Wakuu, somo hili ni la msafiri mwenye nusu siku ya ziada mjini na mapenzi ya muziki wetu wa zamani: dansi la Dar, rumba, benga, taarabu. Nitagusa miji miwili tu. Nairobi ndiko santuri zetu nyingi zilikofyatuliwa, na London ndiko nyingine zilikochapwa upya au kuhamia pamoja na wenyewe. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: mwenye uwezo wa kwenda mji mmoja tu aende Nairobi.

Hatua ya 1: Jua unachotafuta kilitoka wapi

Bendi za Tanzania zilirekodi sana Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini kazi ya kufyatua santuri ilifanyika Nairobi. Hata mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, hadi 1983, wasikilizaji wa Nairobi hawakuacha kupenda dansi la Dar. Kwa hiyo usishangae ukimkuta Mbaraka Mwinshehe kwenye kibanda cha Nairobi wakati Morogoro umetafuta ukachoka.

Andika kwenye daftari namba za santuri, si majina ya nyimbo peke yake. Santuri ndogo za kampuni ya Polydor ya Kenya huanza na POL, na zile kubwa POLP. Kampuni ya ASL nayo ina ASL kwa ndogo na ASLP kwa kubwa. Majina ya nyimbo yalikosewa herufi kwenye lebo mara nyingi tu, hivyo namba ndiyo itakayokuokoa muuzaji akikuletea kitu "kama hicho hicho".

Halafu zoea santuri ndogo za inchi 7, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Wengi tunaota santuri kubwa zenye majalada ya kupendeza, lakini muziki wetu uliishi kwenye hizi ndogo. Wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: upande A una mashairi, upande B una sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea. Jambo hili litakuwa na maana kubwa kwenye Hatua ya 3.

Hatua ya 2: Nairobi

Kenyatta Market iko karibu na Mbagathi Way. Wenyeji wanaijua kwa mambo mawili, nyama choma na wasusi, na wote watakuita kabla hujafika unakokwenda. Humo ndani, katikati ya vibanda, kuna Real Vinyl Guru, kibanda cha santuri ambacho wapenzi wa muziki kutoka nje ya Afrika hufunga safari kukifuata. Ni padogo. Santuri zimepangwa toka chini hadi juu, na nyingine utaonyeshwa tu ukiuliza. Salimia kwanza, kaa, sema unapenda bendi gani. Ukiingia na kudai "nionyeshe zote za Les Wanyika" utauziwa ulichotaja, basi. Ukisema unapenda gitaa la namna ile, utafunguliwa maboksi usiyoyajua.

Nyama kula baadaye. Mikono yenye mafuta na santuri haviivi chungu kimoja.

Mjini kati, Tom Mboya Street, kuna Melodica, duka lililoanza mwaka 1971 na ambalo enzi hizo lilikuwa pia likitoa santuri za wanamuziki. Mtaa wa pili tu ni River Road, ambako biashara nzima ya muziki wa Kenya ilikuwa imejazana: watayarishaji, studio, wauzaji wa jumla. Leo River Road utaona zaidi simu na nguo, lakini kupita hapo kwa miguu kunakufanya uelewe kwa nini lebo nyingi zina anwani za mitaa inayogusana. Pigia duka kabla hujatoka hotelini, maana wenye maduka haya nao ni watu, husafiri na kuugua.

Hatua ya 3: Kagua kabla ya kutoa hela

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Itoe santuri kwa kuishika ukingoni, usiguse uso wake. Iinamishe chini ya taa, au toka nayo mlangoni kwenye jua. Mistari myembamba ya juu juu kwa kawaida haina neno. Mkwaruzo ambao ukucha unaunasa ukipita polepole, huo utausikia ukigonga kila mzunguko, na pengine sindano itaruka. Ukiona weusi umefifia na kuwa kijivu, ujue mifereji imelika, na hakuna kuosha kutakakoirudisha.

Angalia tundu la katikati. Vijistari vingi kwenye lebo kuzunguka tundu maana yake watu wameiweka na kuitoa kwenye mashine mara zisizohesabika. Santuri iliyokaa baa utaijua hapo. Kisha inyanyue usawa wa jicho uone kama imebenuka. Kubenuka kidogo kunavumilika, lakini ikipanda na kushuka, achana nayo.

Sasa omba isikilizwe. Duka lisilo na mashine ya kusikilizia, kwangu mimi, ni ghala. Watu wengi husikiliza mwanzo wa upande A, wanatabasamu, wanalipa. Kosa! Sindano ipelekwe upande B, karibu na mwisho. Karibu na lebo ndiko sauti huharibika kwanza, na kwa santuri zetu upande B ndiko kwenye sebene, ambako wachezaji walirudia na kurudia. Gitaa la solo likisikika safi pale, lipa.

Jalada lililochanika lisikutishe, ila mwombe muuzaji apunguze bei. Santuri ndogo nyingi hazikuwahi kuwa na jalada la picha.

Hatua ya 4: London

Anza magharibi. Duka la Honest Jon's la Portobello Road lipo tangu 1974, na lina lebo yake yenyewe, yaani kampuni ya kutoa santuri. Lebo hiyo iliingia kwenye hazina ya zamani ya kampuni ya muziki ya EMI iliyokuwa Hayes, ikatoa mkusanyo wa rekodi za Afrika Mashariki za miaka ya 1950 ambazo zilikuwa zimelala huko. Ukiwa na hela ya santuri moja tu mpya London nzima, inunue hapo. Kutoka hapo unatembea hadi Talbot Road, kwenye Rough Trade ya zamani. Biashara hiyo ilianza jirani mwaka 1976 na kukulia kwenye muziki wa punk.

Mchana nenda Soho. Berwick Street ina Reckless Records na Sister Ray, na pembeni, Broadwick Street, kuna Sounds of the Universe, duka la watu wa lebo ya Soul Jazz. Reckless ndiyo ya santuri zilizotumika. Hapo usiishie kwenye kisanduku cha "Kenya", hata ukikipata. Tafuta Congo pia, maana bendi ya Super Mazembe walitoka Katanga wakatua Nairobi mwaka 1974, na wanaopanga santuri dukani hawajui wawaweke wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Virgin ya Uingereza ilitoa santuri za Super Mazembe na za Orchestra Makassy, na mwishoni mwa miaka hiyo lebo ya GlobeStyle ikatoa taarabu ya Zanzibar, wakiwemo Ikhwani Safaa na Culture Musical Club. Santuri hizi zilichapwa huko huko, kwa hiyo London hazina ugeni.

Kwenye kibandiko cha bei utaona herufi za hali ya santuri. NM ni kama mpya. VG+ ni ya kununua bila wasiwasi. VG itakuwa na kelele, na G ni ya kutundika ukutani, labda uipende kupita kiasi.

Wazee watawaambia habari za Stern's. Lilikuwa duka la vifaa vya umeme upande wa Tottenham Court Road ambako wanafunzi wa Kiafrika walinunua santuri za kwao. Baadaye likawa kituo kamili cha muziki wa Afrika. Duka lilifungwa, lebo ikaendelea. Msipoteze nauli kulitafuta.

Rough Trade East, pale Brick Lane, ni kubwa, ina kahawa na jukwaa, na imefunguliwa 2007. Ni nzuri kwa muziki mpya. Kwa tunachotafuta sisi, pita ukiwa na muda. Na mwenye kupenda historia apande treni hadi Cardiff akaione Spillers, iliyoanzishwa 1894 na inayotajwa kuwa duka kongwe kuliko yote duniani la santuri.

Hatua ya 5: Kuzifikisha nyumbani

Santuri kubwa moja na jalada lake ina kama robo kilo, hivyo kumi ni kilo mbili na nusu. Beba mkononi, zisimame wima, zibanwe na kadibodi pande zote mbili. Zitoe ndani ya jalada la picha na kuziweka nyuma yake, la sivyo zitapasua mshono njiani. Usiziache ndani ya gari juani, hasa Mombasa au Dar. Tunza risiti kwa ajili ya forodha.

MASWALI YA WANACHAMA

Chuma_cha_Reli: Mkuu, ile mashine ya kukagua mizigo uwanja wa ndege haifuti santuri?

Haifuti. Sauti imechongwa kwenye plastiki, miale haina cha kufuta. Kinachoua santuri ni joto na kukandamizwa.

Kijana_wa_Kisauni: London naweza kupatana bei kama hapa?

Si kwa kila moja. Bei imebandikwa na ndiyo hiyo. Ila ukichukua tano au sita zilizotumika, uliza kwa upole kama kuna punguzo. Nairobi patana kwa heshima, na kabla ya kutaja bei yako angalia Discogs, tovuti ya kuorodhesha na kuuzia santuri, uone watu wameilipia ngapi, si wanaiombea ngapi.

BintiPemba: Shikamoo mwalimu. Bibi aliacha kabatini santuri nene, nzito, zinagongana kama sahani za udongo. Niziuze kwa hao Wazungu wa maduka?

Marahaba mwanangu. Usiuze kwanza! Hizo yaelekea ni za mizunguko 78, za sheleki, malighafi ya kabla ya plastiki, aina ile ile aliyorekodia Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928. Ikianguka inavunjika. Usizisafishe kwa spiriti, sheleki inayeyuka. Pangusa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji safi, ukikwepa lebo. Usizicheze kwa sindano ya santuri za kawaida, mifereji yake inataka sindano nene zaidi. Piga picha lebo zote pande mbili, uziweke hapa tusome namba. Tukishajua ni nini, tafuta mtu wa kuzinakili kwenye kompyuta kabla ya habari ya kuuza.

Mwanagenzi_Arusha: Sina hata pleya. Nianze na zile za kisanduku cha kubeba?

Kama ni kwa picha za mtandaoni, sawa. Nyingi kati yake mkono wa sindano ni mzito na hauwezi kurekebishwa, na santuri ya mwaka 1975 haihitaji mateso zaidi. Nunua iliyotumika yenye uzani wa kurekebisha mkono, na weka sindano mpya.

MzeeWaSebene: Nasikia Aprili kuna sikukuu ya maduka ya santuri. Nipange safari wakati huo?

Ni Record Store Day, ilianza 2008, huwa Jumamosi moja ya Aprili. Ukitaka matoleo maalumu, nenda ujipange foleni alfajiri. Ukitaka santuri za zamani na mazungumzo na muuzaji, nenda Jumanne yoyote nyingine. Siku ile hana nafasi hata ya kukuwekea upande B.

Dada_Eastleigh: Toleo lililochapwa upya lina thamani, au nishikilie la zamani tu?

Kwa kusikiliza, chukua la upya likiwa limetengenezwa kutoka kanda halisi na wenye muziki wamelipwa. Soma nyuma ya jalada: lebo makini huandika limetoka kwenye chanzo gani na wanamuziki ni akina nani. Jalada likiwa kimya kuhusu yote mawili, dada, rudisha kwenye kisanduku.