Kumvusha mama kutoka kisomoni hadi chuo cha ufundi: tunavyofanya Moshi

Nafundisha kisomo cha jioni cha akina mama hapa Moshi. Mama akimaliza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) tunampigia vigelegele, kesho yake anarudi kwenye genge lake la ndizi, basi. Somo hili nawaandikia walimu wenzangu wanaotaka asiishie hapo.

Hatua ya 1: Muulize ratiba yake kabla ya fani. Anaamka saa ngapi? Sokoni anarudi saa ngapi? Mtoto anabaki na nani? Niliowaona wakiacha chuo hawakushindwa na masomo, walishindwa na mtoto mgonjwa na nauli. Jibu la mtoto lipatikane kabla ya kujaza fomu.

Hatua ya 2: Fani aichague yeye, kwa macho. Hapa nilikosea vibaya. Kuna dada nilimpeleka ushonaji kwa kuwa nilidhani mwanamke ni cherehani. Mwezi wa pili akaacha. Nilipokaa naye ndipo akaniambia alitaka umeme wa majumbani tangu mwanzo, ila hakuna aliyemuuliza. Sasa nawapeleka chuoni siku ya masomo, wasimame mlangoni mwa karakana, waone kazi inavyofanyika. Msiishie VETA tu, yaani vyuo vya serikali vya ufundi stadi. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza mwaka 1975 kwa ajili ya watu wazima hasa, na kwetu Kilimanjaro tuna Msinga na Mamtukuna. Programu ya Elimu Haina Mwisho katika vyuo hivyo iliwalenga wasichana na wanawake waliokatishwa shule, wenye watoto wakiwemo.

Hatua ya 3: Hesabu ifuate fani. Anayekwenda ushonaji ajue robo, nusu na robo tatu ya inchi, na kwamba inchi moja ni sentimita 2.54. Mpe futi ya fundi apime mabega ya jirani yake. Hesabu za sehemu zilizomtesa ubaoni zinaingia zenyewe akishika kitambaa.

Hatua ya 4: Nyaraka. Kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, picha. Angalieni majina yafanane kila mahali. Yakitofautiana, shughulikieni kiapo mapema.

Hatua ya 5: Wiki za mwanzo. Ada waanze kuiweka kwenye kikoba, kikundi chao cha kuweka akiba, miezi kadhaa kabla. Akishaanza, mpitie wiki ya tatu, hata kama hajalalamika.

Maswali mliyoniuliza

*Mwalimu, shikamoo. Mama wangu hakufika darasa la saba. Nimwambie nini?* (Pasua)

Marahaba. Muanzishe na kozi fupi. Huko kinachohitajika zaidi ni awe anajua kusoma, kuandika na kupima.

*Dada yangu anashona soko la Memorial miaka kumi, cheti hana. Aanze upya?* (Njoro)

Hapana, asipoteze muda. VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti cha ujuzi alio nao. Aende na kazi zake mkononi.

*Mikopo ya halmashauri inalipa ada?* (Majengo)

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, hutolewa kwa vikundi, bila riba, kwa ajili ya shughuli za kiuchumi. Kwa hiyo ifikirieni baada ya chuo: wahitimu waungane, wasajili kikundi, wanunue vyerehani.

*Mimi niko Arusha. Binti anataka kazi za hoteli.* (Sakina)

Chuo cha VETA cha hoteli na utalii kiko Njiro. Mpeleke akaone, kama nilivyosema.

*Mume wa mwanafunzi wangu amekataa kabisa. Anasema mkewe akisoma atamdharau.* (Kiboriloni)

Pole, mama. Usiende kubishana naye, utamwachia dada wa watu ugomvi nyumbani. Mtafute shangazi au mtu ambaye mume mwenyewe anamsikiliza, na mwende na mambo mawili tu: saa ambazo mkewe hatakuwepo, na nani atabaki na watoto. Mara nyingi hofu ya dharau ndiyo inayosemwa, kumbe kinachomsumbua ni nani atapika mchana. Akikataa tena, mama aendelee na kisomo cha jioni, nafasi yake ya kozi ijayo tunamwekea.