Meza ya umeme ya kupanda na kushuka: kuchagua na kuifunga nyumbani

Kabla ya kuuliza bei, tafuta futi kamba. Hii ni meza ya kufanyia kazi ukiwa umekaa au umesimama. Wanunuzi wengi huuliza inapanda hadi wapi, na wauzaji hufurahi kujibu. Swali la maana ni inashuka hadi wapi, kwa sababu hata mwenye meza hii hukaa saa nyingi kuliko anazosimama.

Hatua ya 1: Pima viwiko, kisha chagua fremu

Kaa kwenye kiti utakachofanyia kazi, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, mabega yalegee, kiwiko kikunjwe pembe mraba. Mtu akupimie kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Simama, akupimie tena ukiwa umevaa ndala au uko pekupeku, kama unavyoshinda ndani. Mtu mwenye urefu wa sentimita 165 hupata takriban 64 akikaa na 104 akisimama. Hicho ndicho kimo cha uso wa meza. Ukitoa unene wa ubao, unapata kimo cha fremu, yaani miguu ya chuma yenye mota inayobeba ubao.

Fremu zenye nguzo za vipande viwili vinavyoingiana kwa kawaida huanzia sentimita 70 hivi na kuishia karibu 118. Ongeza ubao wa sentimita 2.5 na meza ya mtu wetu haitashuka chini ya 72.5, yaani zaidi ya sentimita nane juu ya kiwiko chake. Atapandisha kiti, miguu itaning'inia, na mwisho atalaumu kiti. Nguzo za vipande vitatu huanzia karibu 60 na kufika 125. Nunua hizo. Za vipande viwili zinamfaa mtu mrefu wa 185 na kuendelea, asiyeshiriki meza na mwenzake.

Chukua ya mota mbili. Ya mota moja huzungusha nguzo zote kwa fito inayopita katikati, hubeba kilo 70 hadi 80 hivi, huenda polepole na ina kelele. Ina faida moja: nguzo zake hazipishani, maana zimefungwa pamoja na fito hiyo. Hata hivyo, ukiweka monita mbili na ubao mzito utaikuta imechoka mapema.

Soma lebo ya kisanduku cha umeme kinachoendesha mota kabla ya kulipa. Iandikwe volti 100–240. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240. Fremu iliyokuja na mzigo wa mitumba kutoka Marekani inaweza kuwa ya 120 tu, na hiyo huungua siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Ubao

Usiagize meza nzima kutoka nje. Agiza fremu peke yake, ubao utengenezewe kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, au Ngong Road, Nairobi. Unapunguza uzito wa kusafirisha na unapata ubao ulio bora kuliko ule wa vumbi la mbao uliobanwa.

Chaguo rahisi ni plaiwudi ya milimita 18 iliyobandikwa mbili kwa gundi. Shiti moja la sentimita 244 kwa 122 linatoa vipande vitatu vya 120 kwa 70, kwa hiyo unapata ubao wa milimita 36 na kipande cha akiba. Ukitaka meza ya 140, shiti moja halitoshi kwa tabaka mbili. Plaiwudi moja ya 18 hujipinda pale unapobana mkono wa monita.

Ukipenda mninga, hakikisha mbao zimekauka. Mbao pana hutanuka na kusinyaa kwa upana, hasa ukanda wa pwani, lakini chuma cha fremu hakisogei. Skrubu za katikati zikaze. Za pembeni, mwambie fundi atanue matundu ya chuma yawe marefu kuelekea mbele na nyuma, aweke washa, asikaze hadi mwisho. Asipofanya hivyo ubao utapasuka.

Na jambo moja la kumwambia fundi seremala mara mbili: chini pawe bapa kabisa. Kwa mazoea atapigilia mikanda ya mbao ili meza iwe imara, nawe utafika nyumbani ukute fremu haikai.

Hatua ya 3: Funga fremu

Tandika blanketi, laza ubao kifudifudi, fuata picha za kwenye boksi. Hapa hapahitaji maelezo mengi, isipokuwa haya.

Bolti zote za fremu zishike kwa vidole tu mpaka mwisho. Fremu ikishakaa katikati ya ubao, pima umbali kati ya nguzo mbili karibu na ubao, kisha upime tena kwenye nyayo za fremu. Tofauti isizidi milimita 2. Pima pia mishazari kutoka wayo hadi wayo. Vipimo vikilingana ndipo ukaze. Nguzo zisipokuwa sambamba hubanana zikipanda, mota moja huvuta umeme mwingi, na kisanduku hudhani meza imegonga kitu: husimama na kurudi nyuma kidogo. Baadhi ya meza zinazorudishwa dukani kwa madai ya "mota mbovu" hazina ubovu zaidi ya huo.

Skrubu za kwenye boksi mara nyingi ni za milimita 20 hivi. Kwa ubao wa 18 zinaweza kutokeza juu, hivyo tumia za 16. Kwa ubao wa 36, nunua za 25. Toboa kwanza kwa biti ya milimita 3, kwenye mninga 3.5, na ufunge kipande cha utepe kwenye biti kuonyesha kina.

Hatua ya 4: Igeuze

Watu wawili, mshike fremu, msishike ubao. Msiizungushe kwa kuiegemeza kwenye wayo mmoja.

Hatua ya 5: Umeme, na kuilinganisha meza

Hapa ndipo saa zinapopotea, basi nenda taratibu.

Waya wa ukutani mara nyingi ni uleule wa kompyuta ya mezani. Ukija na plagi ya pini mbili, usitafute adapta. Nunua waya wenye plagi ya pini tatu. Fremu ni chuma na inahitaji ethi.

Mota zina vihisi vinavyohesabu mizunguko, na kwa hesabu hiyo kisanduku hujua kila nguzo iko wapi. Kwa hiyo meza mpya haijui ilipo mpaka uiambie. Ondoa kiti na droo chini yake, kwani wakati huu kinga ya kugonga haitegemeki. Bonyeza kitufe cha kushuka mpaka isimame. Achia. Bonyeza tena kilekile ushikilie sekunde 5 hadi 10, kioo kiandike RST (kifupi cha reset, yaani kuanza upya) au alama kama hiyo. Endelea kushikilia: meza itazama kidogo, itapanda milimita chache, kisha namba itatokea. Achia sasa. Ukiachia mapema, anza upya.

Zoezi hili utalirudia kila umeme ukikatika meza ikiwa inatembea, maana hesabu hupotea. Ikiwa imeinama upande kwa zaidi ya sentimita moja, toa monita kwanza. Umeme ukikatika meza imetulia, kwa kawaida haidhuriki.

RST ikigoma, chomoa ukutani, subiri dakika moja au mbili, sukuma plagi za nguzo hadi mwisho. Namba za hitilafu hutofautiana kwa kiwanda, ila kuna jaribio linalofaa kwa fremu nyingi: ikiwa imechomolewa, badilishana waya za nguzo mbili kwenye kisanduku, kisha washa. Hitilafu ikihamia namba ya tundu la pili, ubovu umo kwenye nguzo au waya wake. Ikibaki palepale, ni kisanduku. Usiagize kipuri kabla ya jaribio hili.

Meza ikishuka vizuri lakini ikagoma kupanda, hasa jioni, angalia umeme mdogo kabla ya kulaumu mota. Gadi ya friji inafaa kuilinda, ila usiipandishe meza wakati taa zinafifia, kwa sababu gadi itakata katikati ya safari na utarudi kwenye RST.

Usiichomeke kwenye UPS ndogo. UPS ya 650VA inatoa wati zisizofika 400, na meza yenye mzigo inaweza kuhitaji zaidi ya nusu ya hizo kwa sekunde chache. Kompyuta ikae kwenye UPS, meza ikae ukutani. Kuhusu LUKU (umeme wa kulipia kabla), wati 0.5 ikiwa imetulia ni uniti 4.4 hivi kwa mwaka mzima.

Hatua ya 6: Mahali na nyaya

Iache sentimita 5 kutoka ukutani. Ikiwa chini ya dirisha, ipandishe hadi juu ukiangalia kingo ya dirisha na komeo. Sakafu za vigae mara nyingi zina mteremko, kwa hiyo weka pima maji pande zote mbili na urekebishe skrubu za nyayo.

Funga ekstensheni chini ya ubao. Pima nyaya meza ikiwa juu kabisa, ukiacha sentimita 20 za ziada. UPS iliyo sakafuni ndiyo inayosahaulika, na ndiyo hung'oa plagi.

Hatua ya 7: Vimo

Usiamini namba ya kwenye kioo, haijui unene wa ubao wako. Tumia futi kamba, kisha hifadhi, kwa kawaida M halafu 1 kwa kukaa na M halafu 2 kwa kusimama. Kama kuna watoto, washa kufuli ya vitufe. Nyingi ya fremu hizi zimepangwa kufanya kazi dakika 2 na kupumzika 18. Zikichezewa hupata moto na kugoma, nawe huna la kufanya zaidi ya kusubiri.

Baada ya wiki mbili, kaza bolti zote tena.